Shikamoo Mbele ya Lango

Sitasema kwamba nilisamehe. Naanza na hilo ili msomaji asinisubiri mpaka mwisho kwa matumaini. Yapo niliyoyasamehe maishani: mume aliyeondoka na godoro, fundi aliyeibana sare yangu ya harusi ya kaka mpaka nikala keki nimesimama. Lakini mtu aliyeniamkia shikamoo miaka minne mfululizo, mbele za watu, huku akijua moyoni kwamba mimi ndiye mdogo, huyo nilimlipa. Na nilipomlipa nilisikia raha.

Mtu ataniambia shikamoo ni heshima tu, inamuumiza nani. Huyo hajawahi kuzeeshwa na mwenzake.

Mimi ni mtu wa Tabora. Nimekaa Guangzhou miaka kumi na mmoja, hapa hapa mtaa wa Xiaobei, na kazi yangu ni kuwapokea wafanyabiashara wa kwetu, kuzunguka nao kwenye maghorofa ya jumla wanaponunua nguo, na kuhakikisha mzigo umefika bandarini Nansha kabla konteina halijafungwa. Ni kazi ya miguu, mdomo na vidole. Vidole, maana hata aliyeshuka ndege jana, asiyejua neno moja la Kichina, kesho yake anajua bei za vidole. Ukisimamisha kidole gumba na kidole cha mwisho, vile vya katikati umevikunja, hiyo ni sita. Tunabishana hivyo kutwa nzima, sisi na malaoban wenye maduka, na tunaelewana.

Kwa miaka mitatu ya kwanza niliujua mji huu kwa namba za vibanda tu. Kisha daktari akanipima presha akasema nitembee. Nikamwambia natembea kuanzia asubuhi hadi jioni. Akasema nitembee bila kubeba kitu na bila kugombana na mtu, jambo ambalo kwa kweli sikuwa nimelijaribu.

Basi Jumapili baada ya ibada nikawa napanda kilima cha Yuexiu, si mbali na ninapokaa. Huko juu kuna kipande cha ukuta wa kale wa mji, matofali na mawe, mizizi ya miti imeushika kila upande. Kando yake pana bamba la jiwe lenye maandishi. Siku moja bibi mmoja wa Kichina aliyekuwa akifagia majani aliniona naegemea ukuta, akanipiga kofi la mkono kama mtoto aliyegusa sufuria, kisha akanionesha lile bamba. Nikaelewa: ukuta huu unalindwa, haukai kwa ajili ya migongo ya watu. Kuanzia siku hiyo nikawa nayaona yale mabamba kila mahali. Lilikuwepo kwenye kisima kati ya maghala ya suruali. Lilikuwepo kwenye daraja dogo nililokuwa napita na mifuko ya sampuli kila wiki. Miaka mitatu nimepita pale kama kipofu.

Nikaanza kuyapiga picha. Kulikuwa na mhadhiri mmoja wa kutoka Zanzibar, mtu mzima mwenye familia yake, aliyekuja kusoma shahada ya uzamivu kwa ufadhili na Kichina anakisoma kama gazeti. Yeye alinisomea mabamba, mimi nikaandika kwenye daftari. Wanawake wawili wa ibada wakaniuliza ninakokwenda, nikawachukua. Wakawa kumi. Mwaka wa pili tulikuwa tunakodi basi. Niliwapeleka kwenye barabara za kale zilizofunikwa kwa kioo katikati ya maduka, moja chini ya nyingine, watu wa leo wakitembea juu yake na mifuko ya viatu. Niliwapeleka kwenye msikiti wa zamani wenye mnara mweupe, mhadhiri akaingia kuswali na sisi tukamngoja kivulini. Niliwapeleka kwenye kijiji cha bandari ya kale, jirani na kumbi za maonesho za Pazhou, nikawaambia wafanyabiashara wa nchi za mbali walikuwa wakishusha mizigo hapa kabla babu zetu hawajazaliwa, kwa hiyo tusijione wa kwanza kutapeliwa rangi ya kitambaa. Walicheka, wakapiga picha, wakauliza maswali mengi.

Waongozaji wa Kichina hubeba bendera ndogo ili watu wasipotee. Mimi sikuwa na bendera. Nilichukua mwiko wangu wa ugali, nikaufunga kipande chekundu cha kitenge, nikaunyanyua juu. Fuata mwiko, tukawa tunasema. Ukipotea kwenye umati wa watu elfu, tazama mwiko.

Hebu nieleze hapa kitu gani kilikuwa changu na kipi hakikuwa. Nguo ni za wateja. Mzigo ni wa wateja. Chumba ni cha mwenye nyumba, kibali ni cha serikali ya watu. Matembezi yale ndiyo kitu pekee nilichokitengeneza kwa mikono yangu katika nchi hii, na mwiko ule ndio ulikuwa cheti chake.

Halafu akaja yeye. Nitamwita Mdogo Wangu, maana ndivyo alivyojitambulisha. Alitokea upande wa Musoma, naye akawa anazungusha wateja kama mimi. Nywele nyeusi tii, raba nyeupe, suruali ya jinzi. Siku ya kwanza, nje ya ibada, mbele ya watu thelathini, alipiga goti kidogo akasema, "Shikamoo mama."

Nikamtazama. Uso ulikuwa laini, lakini mikono ilisema mengine. Mikono haipakwi rangi. Kwetu kuna njia ya kulimaliza jambo kama hilo palepale: mtu wa rika lako akikuamkia, unaikataa. Unasema, "Aa, sisi wenzako bwana, habari za siku," mnacheka, basi. Ukiitikia, umekubali. Hakuna anayemuuliza mwanamke umri wake. Umri wetu unajulikana kwa nani kamwamkia nani. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na mitatu. Sijui nini kilinipata. Labda lile goti lilinipendeza. Kinywa changu kikasema, "Marahaba."

Ndilo kosa langu katika habari hii yote, na nalikubali.

Baadaye akajitangaza kwamba ana arobaini na minane. Kila Jumapili akawa ananitafuta kwa macho hata nikiwa nyuma ya nguzo. Shikamoo mama. Sauti ya juu, goti, mikono miwili. Waliokuwa wakiniita dada wakahamia mama. Wa mama wakahamia mama mkubwa. Wanaume wenye vitambi na wajukuu wakaanza kuniamkia. Kulikuwa na mjane mmoja wa Mbeya aliyekuwa akinishikia kiti kando yake kwenye basi. Naye siku moja akasimama akaniambia nikae mbele kabisa, nyuma panarusha, nisije nikaumia mgongo. Huyo sitamzungumzia zaidi.

Kisha akaja kwenye mwiko. "Mama, lete nikubebee."

Mzigo wa mkubwa hupokelewa, sote tumelelewa hivyo. Ukikataa unaonekana una kiburi au una kitu unaficha. Nikampa. Jumapili ya kwanza alitembea nao kando yangu. Ya pili alitembea nao mbele yangu. Ya tatu tulikuwa kwenye ukumbi wa ukoo mmoja wa zamani, mahali wanapowaenzi mababu zao, paa lake limejaa wanyama wa udongo wenye rangi. Mlangoni alinishika mkono kwa huruma. "Mama, ngazi hizi utaziweza kweli? Ukae hapa kivulini, sisi tutakupitia." Mwanamke mmoja akasema basi mama atuangalizie mikoba. Wakaniachia. Nikakaa kwenye benchi na mikoba ya wanawake wazima pembeni yangu, na kutoka ndani nikamsikia Mdogo Wangu akiwaeleza kwamba pale palikuwa nyumba ya mfalme.

Hapakuwa nyumba ya mfalme. Kwenye daftari langu nina kurasa mbili za jengo lile, hadi aina ya miti ya boriti zake. Nililia, sitaficha. Nililia kwa hasira, nikajifuta kwa upindo wa kitenge, na walipotoka nikawagawia mikoba yao mmoja mmoja.

Iliendelea hivyo. Mama apumzike. Mama amefanya kazi kubwa, sasa awaachie vijana. Kila nilipofungua mdomo kusahihisha neno, alinipigia goti. Huwezi kumgombeza mtu aliyekupigia goti, utaonekana wewe ndiye mwenye roho mbaya. Mimi nina roho mbaya, ndiyo, lakini sikuwa nataka ionekane. Nilimchukia kimyakimya, nikiomba Mungu anipe nafasi moja tu, na sikuona aibu kuiomba hiyo katikati ya sala nyingine.

Mungu alinijibu kwa njia ya uandikishaji.

Kaskazini ya mji, mwendo wa basi wa asubuhi, kuna njia ya kale ya mawe inayopanda msituni. Matarishi na wachukuzi wa mizigo waliipita zamani kwa miguu, na sasa inalindwa, ina lango, ina walinzi. Nilikuwa nimeshakwenda huko mara mbili na mhadhiri. Lango lile linataka majina kabla ya siku ya safari, kila mtu na pasipoti yake. Kazi hiyo alikuwa akiifanya mhadhiri, lakini alikuwa amemaliza masomo na kurudi kwao. Mdogo Wangu akaandika kwenye kundi letu la simu: mama yetu ana muda, yeye atatuandikisha, tumtumie picha za pasipoti.

Tulikuwa ishirini na sita. Zikaja moja moja. Yake ilikuja ya mwisho, faraghani, na maneno haya: "Mama, usiioneshe mtu. Picha ya pasipoti humtoa mtu vibaya."

Ilikuwa asubuhi, nakunywa chai kwa andazi. Nikaikuza picha ili ninakili namba. Jicho likashuka kwenye mwaka wa kuzaliwa. Nikaweka kikombe chini. Nikahesabu kwa vidole, sikuviamini, nikachukua kikokotoo kile ninachobishania bei. Sitini na mitatu. Mimi nilikuwa na hamsini na saba. Kwa miaka minne dada yangu mkubwa, aliyenizidi miaka sita, alikuwa akinipigia goti.

Ningeweza kuituma ile picha kwenye kundi dakika ileile. Lakini watu wangesema nimefanya uhuni wa kusambaza pasipoti ya mwenzangu, na wangekuwa sawa. Ningeweza pia kumwita pembeni, nimwambie kwa upole, nimstahi. Wazo hilo lilikuja, nikalitoa mlangoni kama muuza soksi. Kulikuwa na njia ya tatu, nayo nilikuwa naijua mimi tu.

Lango lile lina desturi yake. Aliyetimiza sitini haingii na wengine. Binti wa langoni hushika orodha, humwita yeye kwanza, hubandika stika nyekundu kifuani ili walinzi wa huko juu wamwangalie, na humkabidhi fimbo ya mwanzi kwa mikono miwili. Kwenye fomu kuna kisanduku cha kuweka alama kwa mtu wa umri huo. Nikaandika kila jina, kila namba, kila mwaka, sawasawa na pasipoti ilivyosema. Alama nikaiweka kwa mtu mmoja tu. Sikudanganya popote, na wiki nzima nililala vizuri.

Siku ikafika. Kwenye basi Mdogo Wangu alisimama mbele na mwiko wangu mkono mmoja, kipaza sauti mkono wa pili. Akatueleza njia ni ya mawe, tusivae viatu vya kuteleza. Kisha akasema, "Nimesikia langoni wanatoa fimbo kwa wazee. Mama yetu leo atapata yake, tumpigie makofi." Wakapiga makofi. Mjane wa Mbeya naye alipiga.

"Asante mdogo wangu," nikamwambia. "Mungu akuzidishie."

Langoni tulipanga mstari. Binti akatoka na orodha na fimbo moja. Alijaribu kulisoma jina, likamshinda, akatazama kwenye simu yake picha ya pasipoti niliyotuma, akapita mbele yetu akilinganisha sura. Alinifikia mimi. Mdogo Wangu, aliyesimama mbele ya wote, akageuka kunitazama, tayari anatabasamu. Binti akanipita. Akarudi mbele, akasimama mbele yake, akainama, akanyoosha fimbo kwa mikono miwili. "Nainai," akasema, yaani bibi.

Mdogo Wangu alicheka. Akatikisa mkono kwamba si yeye, akaninyooshea kidole. "Yule pale ndiye mzee," akasema kwa Kiswahili, halafu kwa Kichina chake cha dukani.

Binti akatazama orodha, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. "Meiyo," akasema. Hakuna. Kisha, kwa kuwa alimwona hajaelewa, na kwa kuwa alikuwa binti mwema anayetaka kusaidia, akanyanyua mkono juu watu wote wauone. Kidole gumba na kidole cha mwisho. Akakunja. Vidole vitatu.

Hakuna aliyehitaji mkalimani. Watu ishirini na watano waliosimama pale walikuwa wamenunua suruali na simu kwa vidole vile vile kwa miaka. Nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Sitini na tatu," kama mtu anavyorudia bei kabla ya kuikubali. Mwingine akasema, "Loo." Binti akabandika stika nyekundu juu ya fulana nyeupe ya Mdogo Wangu, akailaza vizuri kwa kiganja.

Nikatoka kwenye mstari. Nilitembea taratibu, nilikuwa na haki ya kutembea taratibu. Nilipomfikia nikapiga goti, si lile la nusu alilokuwa akinipigia yeye, goti la Tabora, la kufika karibu na ardhi.

"Shikamoo dada," nikasema.

Kwetu shikamoo haiachwi hewani, hata adui yako huiitikia. Macho yake yalijaa maji. Aliangalia watu, akaangalia fimbo, akaniangalia mimi pale chini.

"Marahaba," akasema.

Nikainuka, nikanyoosha mkono. "Lete nikubebee."

Akanipa mwiko. Utamu wa dakika ile siwezi kuufananisha na kitu, na sitajifanya kwamba ulichanganyika na majuto. Haukuchanganyika na kitu.

Njia ilikuwa nzuri siku hiyo. Mvua ilikuwa imenyesha, mawe yanang'aa, na nilisema yote niliyokuwa nimeyakalia miaka mitatu. Niliwaonesha mahali ambapo jiwe limelika katikati kwa nyayo, nikawaambia waweke kiganja karibu bila kugusa. Niliwaambia wachukuzi wale walikuwa watu wa kago kama sisi, ila wao hawakuwa na meli ya kulaumu. Hakuna aliyenisahihisha. Kwenye kibanda cha kwanza cha kupumzikia Mdogo Wangu alisema magoti yanamsumbua, akae. Nikawaambia wenzangu basi dada atuangalizie mikoba. Wakamwachia yote. Niligeuka mara moja tu nilipofika kwenye kona, nikamwona amekaa katikati ya mikoba na stika yake nyekundu kifuani. Nikaendelea kupanda.

Sikuishia hapo. Kesho yake alfajiri, kabla ya kazi, niliandika kwenye kundi: "Shikamoo dada mkubwa." Sikumwamrisha mtu. Watu wenyewe wakafuata, wengine kwa heshima kabisa, maana ndiyo malezi yetu, wengine kwa kucheka. Kila asubuhi shikamoo zikawa zinamiminika. Wiki ya tatu akatoka kwenye kundi.

Alinipigia simu mara moja. Hakunitukana. "Dada," akasema, "ungeniita pembeni tu. Ningesema nina sitini, nani angenipa kazi ya kuzunguka naye ghorofa saba?"

"Na mimi uliponizeesha," nikamwambia, "nani alinipa?"

Akakata simu. Ni kweli wateja wake wawili walihamia kwa watu wenye miguu ya kijana, nilisikia. Sababu anayo. Kila mwizi anayo sababu, na ukimkalisha atakueleza vizuri mpaka umwonee huruma. Sikumkalisha.

Miezi ikapita bila kumwona. Matembezi yakarudi kuwa yangu, mwiko mkononi, daftari kwenye mkoba. Waliokuwa wakiniita mama mkubwa wakarudi nyuma kidogo, wengine hadi dada. Mjane wa Mbeya alinishikia kiti tena, ila nilikaa kwingine.

Jumapili ile tulikuwa tunaanzia chini ya kilima cha Yuexiu, kwenda kwenye ukuta wangu wa kwanza na mnara ulioko juu yake. Kulikuwa na wageni kumi na mmoja waliotoka nyumbani wiki hiyo kwa ajili ya maonesho ya Pazhou, hawamjui mtu. Nilikuwa nawaeleza habari ya mwiko nilipoambiwa yule dada mkubwa amesema atakuja. Moyo ulinidunda kwa furaha. Nilisikia eti amepungua, eti amenyenyekea, nikasema tutaona. Nikapanga goti langu. Nikapanga sauti. Nilitaka wale wageni nao waione shikamoo ile, waipeleke Mwanza na Arusha na kila mahali.

Akatokea kwenye kona ya barabara. Sikumtambua. Alikuwa ameacha kupaka nywele. Kichwa chote kilikuwa mvi, cheupe kabisa, amevaa gauni refu na kilemba kidogo, na mkononi ana ile fimbo ya mwanzi, sijui aliitorosha vipi. Alikuwa bibi wa kupendeza, hilo lazima niliseme. Wageni wote wakasimama wima kwa kumwona, wawili wakaanza kuinama.

Mimi nilikuwa bado namtazama kichwa. Ndiyo maana nilichelewa. Yeye hakuchelewa. Alinifikia, akajishika kwenye fimbo, akashuka polepole, goti kamili, kichwa cheupe mbele yangu, na kwa ile sauti yake ya zamani akasema, "Shikamoo mama."

Miaka minne, Jumapili baada ya Jumapili. Kinywa hakikuniuliza.

"Marahaba," nikasema.

Nikawaona wageni wakinigeukia. Nikawaona wakihesabu. Ikiwa bibi huyu mwenye mvi kichwa kizima ananiamkia mimi na kuniita mama, basi mimi nina miaka mingapi? Mwanamke mmoja mnene, mfanyabiashara wa Arusha, mtu wa rika langu au hata kunizidi, akatoka kwenye kundi kwa haraka na uso wa huruma. Akapiga goti. "Shikamoo bibi," akasema. "Na umesimama muda wote huo jamani. Lete nikubebee."

Mikono miwili ilikuwa imenyooshwa mbele yangu. Wenzetu wa siku zote walitazama chini, mmoja amejiziba mdomo kwa mkono. Ningesema nini? Kwamba nilikosea kuitikia? Nikampa mwiko. Akaunyanyua juu, kitambaa chekundu kikapepea, na watu wote wakamfuata kwenda kwenye ngazi, naye hajui hata ukuta uko upande gani.

Tukabaki wawili nyuma. Mdogo Wangu hakucheka. Alinitazama vizuri, akasogea, akanipa fimbo ya mwanzi kwa mikono miwili, kama yule binti wa langoni.

"Shika, mama," akasema. "Ngazi ni nyingi."

Nikaishika. Ngazi zilikuwa nyingi kweli.